Pombe, sonona na usukani: maswali ya madereva wa daladala na mabasi yanayojirudia

Maswali haya yameulizwa stendi, vijiweni, kliniki na kwenye kiti cha mbele cha daladala gari likisubiri kujaa. Mengine yameulizwa kwa simu na wake za madereva, usiku, kwa sauti ya chini. Kazi yangu ni unasihi, na nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyajibu mahali pamoja. Nimeandika nikiwaza Dar es Salaam na mabasi ya mikoani Tanzania. Wa bodaboda na bajaji watajiona humu pia.

## Mambo ya msingi

1. Sheria inaniruhusu kunywa kiasi gani kabla ya kuendesha?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zishuke hadi 50 kwa madereva wa kawaida, na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha, kwa sababu uwezo wa kukadiria umbali na kukanyaga breki kwa wakati huanza kupungua kabla mtu hajajiona amelewa.

Ukibeba abiria, jibu langu ni sifuri. Usiutafute mpaka wa 80 ili uusogelee. Hakuna anayeweza kuupima kwa kujisikia, na kila anayesema "mimi mbili hazinifanyi kitu" anatumia kichwa kilichokwisha kunywa kujipima kichwa hicho hicho.

2. Nilikunywa jana, leo sijagusa kitu. Kwa nini kipimo kinanikamata asubuhi?

Kwa sababu pombe ya jana bado ni ya leo. Hili ndilo swali ninaloliona la hatari kuliko yote, maana anayeuliza huwa mkweli kabisa: hajanywa leo.

Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 au 8 kwa saa, liharakishwe lisiharakishwe. Kwa hiyo bia moja ni kazi ya saa mbili na nusu au zaidi. Chukua dereva aliyemaliza kazi na kumkabidhi mwenye gari pesa yake ya siku, akakaa kijiweni saa mbili usiku, akanywa bia sita hadi saa tano. Hizo ni gramu 120. Saa kumi na nusu alfajiri anapowasha gari, ini limeondoa gramu 68 hivi. Zimebaki zaidi ya 50. Kwa mwanaume wa kilo 70 hicho ni kiwango kinachoweza kuwa juu kabisa ya mpaka wa sheria, naye amelala, ameoga, amevaa shati safi na anajiona mzima. Atakuwa msafi kwenye saa tano asubuhi, baada ya kuwa amepita Ubungo mara kadhaa.

Bia nne tu zilizoanza saa mbili usiku zinamalizika kwenye saa kumi na mbili asubuhi. Kwa pombe kali hesabu ni mbaya zaidi, na kwa gongo haiwezekani kabisa, kwa kuwa hakuna anayejua nguvu ya kilichomo kwenye chupa.

3. Kahawa, supu ya pweza, maji ya baridi, big-G?

Havipunguzi pombe kwenye damu. Kahawa inamwamsha mlevi, anabaki mlevi aliye macho. Kinachopunguza ni saa tu.

4. Sonona ni nini? Si mawazo ya maisha tu kama ya kila mtu?

Mawazo yana sababu na yana kituo. Gari likipona, ada ikilipwa, yanapungua. Sonona inabaki hata pale jambo lilipokwisha. Ni ugonjwa: moyo mzito au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita au kula kupita kiasi, mwili kukosa nguvu, kujiona huna thamani, kushindwa kukaza akili, na kwa wengine kutamani kufa. Haitokani na uvivu wala udhaifu wa imani. Inawapata watu wenye pesa na wasio nazo, na inatibika.

Dereva mmoja alinielezea hivi: "Nikisikia goli kwenye redio, zamani nilikuwa napiga honi. Sasa hivi Simba wakifunga naona kelele tu." Hakuwa na msiba wala deni jipya. Hamu ndiyo iliyokuwa imeondoka.

5. Pombe, mawazo na mwendo mbaya vinahusianaje? Mbona mnaviweka fungu moja?

Vinalishana. Mwenye sonona hapati usingizi, anakunywa ili alale. Pombe inamlaza haraka, kisha inamkatia usingizi nusu ya pili ya usiku: anashtuka saa nane, moyo unamwenda mbio. Asubuhi amechoka, ana mabaki ya pombe damuni na hasira iko karibu. Barabarani anachomekea, anatanua, anagombana na konda. Anapigwa faini au anakwangua gari. Usiku ana sababu nyingine ya kunywa. Pombe yenyewe, ikinywewa kwa wingi kwa muda mrefu, inashusha moyo hata wa mtu ambaye hakuanza na sonona.

Ndiyo maana kumwambia "acha pombe" bila kuuliza analalaje, anaishije na anadaiwa nini, mara nyingi hakuzai kitu.

## Hesabu, foleni na saa za kazi

6. Kwa nini madereva wa daladala wanaendesha vile? Si tabia mbovu tu?

Ziko tabia mbovu. Lakini kaa naye siku moja kwenye kiti cha mbele, uone.

Gari ni la tajiri. Kila jioni tajiri anataka hesabu, kiasi kilichopangwa, iwe mvua, iwe foleni, iwe gari lilikaa gereji saa tatu. Mafuta yanatoka humo humo. Faini ya trafiki humo humo. Mpiga debe anachukua chake. Kinachobaki ndicho wanachogawana dereva na konda, na siku nyingine hakibaki. Tuseme hesabu ni shilingi 100,000 na hadi saa tisa alasiri wamepata 70,000 baada ya mafuta. Kila dakika anayosimama kwenye taa ni pesa yake mwenyewe inayoyeyuka. Hapo ndipo anapotanua, anapokatisha ruti, anaposimama katikati ya barabara kugombea vichwa viwili. Tripu moja ya ziada ndiyo chakula cha nyumbani.

Asipofikisha, kesho kuna deiwaka, dereva wa kibarua, kijiweni anayesubiri usukani. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Madereva walipogoma Aprili 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Mtu anayeweza kukosa kazi kwa neno moja la simu anaishi na hofu ya kila siku, na hofu ya kila siku ni chakula kizuri cha sonona.

Haya hayamwondolei dereva dhamana ya roho alizopakia. Nayasema kwa sababu tunashika mkono ulioshika usukani na kuuacha mkono ulioandika kiwango cha hesabu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, dereva wake hakupelekewa hesabu ya kufikisha jioni. Linganisha namna hao wawili wanavyoingia kituoni. Wamiliki, jibu lenu liko namba 20.

7. Mimi sinywi kabisa. Nalala tu saa nne kwa siku. Nina tatizo gani?

Tatizo lako linafanana na la mlevi kuliko unavyodhani. Watafiti waliwapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakakuta wanafanya makosa kama wenye miligramu 50 za pombe. Baada ya saa 24, kama wenye 100. Dereva anayeamka saa tisa usiku na kufunga saa nne usiku ameshapita saa 17 siku nyingi tu.

Dalili za kuzishika: hukumbuki kilomita chache zilizopita, kichwa kinadondoka, gari linagusa matuta ya pembeni, unapiga miayo mfululizo. Ukiona moja, simama mahali salama ulale dakika 15 hadi 20. Kufungua dirisha na kuongeza muziki havizuii usingizi. Kwa mabasi ya mbali, dereva wa pili awe amelala kweli, asiwe yule aliyekaa kwenye injini akipiga stori kutoka Mbezi hadi Morogoro.

8. Viroba vilipigwa marufuku. Tatizo halikuisha?

Viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na kilikuwa kitu kizuri: kiroba kiliingia mfuko wa shati, kiliuzwa bei ya chini, na dereva alikimaliza kwenye taa nyekundu. Lakini kinywaji kilihamia kwenye chupa ndogo, na kwa wengine kwenye gongo. Urahisi ulipungua, kiu haikupungua.

9. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinanisaidia safari ndefu. Vina shida gani?

Mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria za Tanzania, kwa hiyo una kesi kabla hata hujapata ajali. Inaondoa njaa na usingizi kwa saa kadhaa, kisha inakudondosha kwa ghafla, na wengi hunywa pombe usiku ili wapate kulala. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini na sukari. Havilipi deni la usingizi, vinaliahirisha. Ukichanganya na pombe hujisikii kulewa, lakini umelewa.

## Kujipima mwenyewe

10. Nitajuaje kwamba pombe imenizidi?

Jiulize manne, ukiwa peke yako. Umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wakikusema kuhusu pombe unakasirika? Umewahi kujisikia vibaya au kujilaumu kwa unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi, kitu cha kwanza, ili mikono itulie au uchovu uondoke? Ukijibu ndiyo mara mbili, nenda ukapimwe. Hilo la nne hata likiwa peke yake halipaswi kusubiri.

Kliniki watakupa dodoso refu kidogo lenye maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 wanahesabu kuwa unywaji wako una madhara au unaelekea huko.

Kuna kipimo kingine ambacho hakina karatasi. Nilikuwa stendi alfajiri moja, dereva akaagiza chai ya rangi. Hakuinua kikombe. Aliinama akakifuata kwa mdomo pale pale mezani, kwa sababu akikinyanyua kinamwagika. Muuza chai alikuwa amezoea, anamjazia nusu. Baada ya dakika kumi mtu huyo alipanda kwenye basi la abiria zaidi ya 50.

11. Na sonona naipimaje?

Dodoso lake lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Lipo kwa Kiswahili na mhudumu wa afya anaweza kulimaliza nawe kwa dakika chache. Kuanzia alama 10 anapaswa kukuchunguza zaidi. Swali la tisa linahusu kujidhuru, na hapo hata alama moja haipuuzwi. Kama ndipo ulipo, soma namba 22 sasa hivi.

12. Lakini mimi sina huzuni. Nina hasira tu.

Kwa wanaume wengi sonona inakuja hivyo. Hawalii. Wanakasirika kwa jambo dogo, kichwa na mgongo vinauma bila sababu, hamu ya tendo la ndoa inapotea, wanakaa kimya nyumbani au wanarudi watoto wamelala ili wasiongee na mtu. Barabarani inaonekana kwa kushindana na kila gari. Mtu anayependa uhai wake huwa anaachia njia mara moja moja.

## Kutibiwa bila kupoteza kazi

13. Niende wapi?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, useme wazi: "Nimekuja kwa ajili ya pombe" au "sipati usingizi na nina mawazo mazito." Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Dar es Salaam kuna Mwananyamala, Amana na Temeke, na juu yake Muhimbili. Dodoma kuna Mirembe, Mwanza kuna Bugando, Moshi kuna KCMC, Unguja kuna Kidongo Chekundu. Wizara ya Afya ina simu ya bure, 199.

Najua jina Mirembe linatisha watu. Wengi wanaotibiwa sonona hawalazwi. Wanakuja, wanaongea, wanachukua dawa, wanarudi nyumbani na kadi ya kliniki mfukoni.

14. Nimeamua. Naacha pombe leo, moja kwa moja. Ni sawa?

Inategemea ulivyokuwa unakunywa. Kama ni bia chache za mwisho wa wiki, acha. Kama ni kila siku, kwa wingi, na asubuhi unatetemeka usipopata, usiache kwa ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kukuletea jasho, kutapika, mapigo kwenda mbio, na ndani ya siku mbili za kwanza, degedege. Siku ya pili hadi ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Ndugu wengi huipeleka kwa mganga wakidhani amerogwa siku ile ile aliyoamua kuwa mtu mwema.

Hospitali watakupa dawa ya kutuliza kwa siku chache na vitamini B1. Siku hizo usiendeshe hata bodaboda: dawa inalegeza, na degedege haibishi hodi. Mpe deiwaka gari wiki moja.

15. Nikitumia dawa za sonona naruhusiwa kuendesha?

Mwambie daktari kazi yako kabla hajaandika dawa. Amitriptilini inaleta usingizi, hasa mwanzoni, na kwa kawaida hunywewa usiku. Fluoksetini mara nyingi haisinzishi sana. Kwa dawa yoyote mpya, kaa siku chache bila kuendesha uone mwili unavyoipokea. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano, na ukipona usiache ghafla bila kumuuliza aliyekuandikia.

Wakati tuko hapa: hata Piriton ya mafua inasinzisha. Nimeona madereva wanaoogopa dawa za kliniki lakini wanameza mbili za Piriton kabla ya kwenda Iringa.

16. Nimeombewa. Bado niende hospitali?

Nenda. Sala na kliniki havigombani, na viongozi wengi wa dini ninaowajua huwasindikiza waumini wao hadi hospitali.

17. Bosi akijua si atanitoa?

Kuna tofauti kubwa kati ya kuomba msaada mapema na kukutwa umelewa kazini. La pili ni kosa la nidhamu, na kisheria ana haki ya kuchukua hatua. La kwanza ni ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefikisha miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Ukiachishwa kwa uonevu, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Najua dereva wa hesabu atacheka akisoma "mshahara kamili." Bila mkataba haki hizi ni ngumu kuzidai. Kwa hali hiyo ninachoshauri ni hiki: usimwambie tajiri ugonjwa wako wote. Mwambie unaumwa, unahitaji siku saba, na umtajie deiwaka unayemwamini. Wengi hukubali gari lao lisipolala.

## Kwa walio karibu na dereva

18. Mume wangu ni dereva, anarudi amelewa kila siku. Nikimwambia tunagombana. Nifanyeje, kaka?

Shemeji, usizungumze naye akiwa amelewa, wala mbele ya watoto. Mpate siku ya mapumziko, baada ya kula. Sema ulichokiona bila kumwita mlevi: "Wiki hii umeshtuka usiku mara tatu. Nasikia unaongea peke yako bafuni. Naogopa." Kisha muulize analalaje. Mwanaume akiulizwa kuhusu pombe anajitetea. Akiulizwa kuhusu usingizi mara nyingi anajibu, na mlango unafunguka hapo.

Ficha funguo kama anataka kuendesha amelewa. Usimdanganyie bosi kwa simu kila asubuhi kwamba ana malaria. Na kama anakupiga, hilo halisubiri apone kwanza. Ondoka na watoto uende kwa ndugu, na utoe taarifa dawati la jinsia polisi.

19. Mimi ni konda. Suka wangu, yaani dereva, amekuja amelewa na abiria wameshajaa. Nifanye nini?

Gari lisiondoke. Toa funguo ukiwa mtulivu, mwambie kwa sauti ya chini tairi lina tatizo, usimwaibishe mbele za watu. Mpigie tajiri. Tafuta deiwaka mwenye leseni ya daraja husika, na kwa basi la mkoani awe na kitufe chake mwenyewe cha utambuzi, kile kinachoonyesha nani yuko kwenye usukani, asitumie cha mwenzake. Usishike usukani wewe kwa sababu tu "unajua kidogo."

Ikishindikana, trafiki wa stendi yupo. Utaitwa mbea wiki nzima. Nimekaa na konda ambaye hakusema kitu siku moja, na hadi leo hakai kiti cha mbele. Abiria naye anayemwona dereva anayumba ana haki ile ile: ashuke, na apige namba za LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, au za polisi zilizobandikwa ndani ya gari.

20. Mimi ni mmiliki wa magari matatu. Nifanye nini ambacho hakinifilisi?

Shusha hesabu siku za mvua na siku gari lilipolala gereji. Andika mkataba, hata wa kurasa mbili. Toa siku moja ya mapumziko kwa wiki isiyodaiwa. Nunua kipimo cha kupuliza, mpime kila dereva alfajiri bila kuchagua, na anayekutwa na pombe alale siku hiyo bila kufukuzwa mara ya kwanza. Ukimfukuza, kesho wote watajua kuficha. Halafu jumlisha bampa, taa, faini na siku za gereji za mwaka mzima, uweke pembeni ya punguzo la hesabu.

## Mambo mazito

21. Niligonga mtoto akafa. Kesi imeisha lakini kila nikifika pale mikono inaganda. Nakunywa ili nipite.

Pole sana. Unachokieleza kina jina na kina tiba: jeraha la akili baada ya tukio la kutisha. Picha zinarudi, ndoto mbaya, unashtuka kwa honi, unakwepa eneo. Likizidi mwezi mmoja haliondoki kwa kujikaza. Mwambie mnasihi tukio lenyewe, hata kama mahakama ilikuona huna hatia. Hatia ya mahakamani na ya moyoni ni kesi mbili.

Kwa wengine wote: ukigonga, sheria inakutaka usimame, usaidie na utoe taarifa polisi. Kama wananchi wanakuja na mawe, okoa roho yako lakini nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Wanaokimbilia kijijini huishi na mambo mawili badala ya moja.

22. Kuna siku nawaza kuliingiza gari kwenye lori linalokuja, yaishe.

Asante kwa kulisema. Leo usiendeshe. Mpe mtu funguo, mwambie sentensi hii hii uliyoniandikia, na asikuache peke yako. Nendeni hospitali leo hii, hata usiku, sehemu ya dharura. Usinywe pombe usiku huu, kwa maana pombe inaondoa breki kati ya wazo na tendo. Mawazo haya hupanda na kushuka. Yanapokuwa juu, kazi ni kuvuka saa hizo ukiwa na mtu.

Wengine wanaogopa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini kuwa na wazo na kuomba matibabu si kosa, na mhudumu wa afya yupo kukutibu. Ndugu mnaosoma: mkiambiwa hivi, msikemee wala msihubiri. Ondoeni dawa za kuua wadudu ndani ya nyumba, kaeni naye, mumpeleke.

23. Nilikaa miezi mitatu bila pombe. Juzi nimekunywa. Nimerudi sifuri?

Hapana. Ini lako limepumzika miezi mitatu, usingizi umejirudi, na unajua sasa kwamba unaweza kufika hapo. Kurudia hutokea kwa wengi walioacha, na hatari yake kubwa ni ile sauti ya "nimeshaharibu, niendelee tu."

Andika siku ya juzi ilivyokuwa: ulikula? Ulifikisha hesabu? Ulikaa na nani, saa ngapi? Kijana mmoja aliandika hivyo akagundua mara zote mbili alizorudia ilikuwa siku konda wake alipochelewa kuleta hesabu, akamfuata baa, akamsubiri pale. Tangu hapo wanakabidhiana pesa sheli, gari likijazwa mafuta ya kesho. Kama ulikunywa siku kadhaa mfululizo na mikono imeanza kutetemeka tena, rudi namba 14 kabla ya kuacha. Na kliniki nenda tarehe ile ile uliyoandikiwa kwenye kadi, usiiruke kwa aibu.